Sababu gani banki inauliza feza imetoka wapi?

Ekonomo wa parokia anapeleka banki feza ya kujenga kanisa, na kalani anamuuliza: feza hii imetoka wapi? Wandugu wengine wanakasirika, wanasema padri amezaniwa mwizi. Sivyo. Kalani anatimiza sheria, na inafaa tuielewe.

Wamarekani walitangulia. Sheria yao ya 1970 ilileta desturi ya banki kupasha serikali habari kila mara mutu anapoweka ao kutoa feza ya mukononi kupita dola 10,000. Maana noti haina jina. Mwizi na mula rushwa wanataka kuiingiza banki ili itoke kama feza ya jasho. Ndiyo kazi inayoitwa kusafisha feza.

Katika Kongo, sheria ya 19 Julai 2004 ilikataza kulipa mukononi dola 10,000 ao zaidi: malipo ya namna ile yapite banki. Iliamuru vilevile feza yenye mashaka, hata ikiwa kidogo, itangazwe kwa CENAREF, ofisi ya Leta, bila kumujulisha mwenyewe. Oktoba 2022 GAFI, shirika la inchi nyingi linalochunguza mambo haya, liliweka Kongo katika liste ya inchi za kuangaliwa sana. Tarehe 27 Desemba mwaka ule ule, sheria mupya ikatolewa.

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tusiseme ni mambo ya Kinshasa. Zahabu ya Namoya na Salamabila imepita mukono kwa mukono bila karatasi, na watu wa bunduki wamekula juu yake. Muchimbaji mwema naye anatoa sadaka katika noti za namna moja. Kalani atazitenganisha kwa macho gani?

Kuna wenye kushauri: gawanya feza, uipeleke kidogo kidogo. Shauri baya kabisa! Banki inajumlisha, na kule kugawanya ndiko kunaleta mashaka. Marekani, kugawanya kusudi banki isitoe habari ni kosa, hata feza ikiwa ya haki.

Ekonomo achukue kitabu chake. Kanuni 1284 inamuamuru kuandika vizuri mapato na matumizi. Kanuni 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyotoa. Akionyesha tarehe, jumuiya iliyotoa na kiasi, jibu liko tayari. (Tunajua parokia ambamo kitabu hicho ni kikaratasi ndani ya breviari.)

Mafratri watauliza juu ya siri. Siri ya banki haizuie kupasha CENAREF habari, sheria imeifungua. Siri ya kitubio haifunguliwi na sheria yoyote: kanuni 983. Padri aliyesikia katika kitubio kwamba feza ni ya wizi hawezi kusema neno banki, wala kutumia habari ile kwa kumuumiza aliyeungama: kanuni 984. Lakini aliyoambiwa ofisini, wakati wa kupokea feza, si kitubio, na kalani akiuliza juu yake, amujibu kweli.