Helikopta na Nyaya za Umeme: Unachokijua Wewe, Rubani Hakijui

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, labda mtauliza: habari za helikopta zinatuhusu nini sisi watu wa migodi ya Kabambare? Zinatuhusu. Mnajua barabara ya kwenda Kasongo inavyokuwa wakati wa mvua. Penye mgodi na barabara mbaya, siku moja helikopta itakuja, iwe ya kubeba mgonjwa, ya wapimaji wa ardhi, au ya kunyunyiza dawa mashambani. Mwezi wa pili 2020 nzige wa jangwani walifika ng'ambo yetu ya Ziwa Albert, upande wa Ituri, mara ya kwanza katika Kongo tangu 1944. Maniema hawakufika. Lakini Kenya wakati ule ilipambana nao kwa ndege na helikopta, na nzige hawana mpaka.

Kazi ya kunyunyiza dawa ndiyo inayomshusha rubani chini kabisa. Helikopta hupita mita 3 au 4 tu juu ya mimea, kwa kuwa dawa ikimwagwa kutoka juu sana upepo huichukua na kuipeleka kwa jirani. Nguzo ya umeme ina mita 10 hivi. Kwa hiyo mtu huyu anafanya kazi kutwa nzima chini ya kimo cha nyaya, na kila afikapo mwisho wa shamba lazima apande, ageuke, ashuke tena.

Je, hana macho? Anayo. Lakini waya wa umeme ni mwembamba kama kidole, rangi yake kijivu, na nyuma yake kuna msitu au mawingu. Helikopta ikienda kilometa 100 kwa saa, inapita karibu mita 28 kwa sekunde moja. Akiuona waya ukiwa mita 50 mbele, hana hata sekunde 2. Ndiyo sababu marubani hufundishwa kutafuta nguzo, wala si waya, na kuvuka juu ya nguzo yenyewe kwa kuwa kichwa chake kinaonekana. Sasa, kama nguzo imefunikwa na miti, atafanya nini? Tena kwenye njia kubwa za umeme mara nyingi kuna waya mwingine juu kabisa, mwembamba kuliko yote, wa kupokea radi. Rubani huona nyaya nene, huinua helikopta aziruke, akagonga ule wa juu.

Wakanada walibuni visu vya chuma vinavyofungwa mbele ya helikopta, juu na chini, ili vikate waya. Vimeokoa watu. Lakini haviwezi kitu kama waya umegonga mkia au usukani wa juu. Na jambo la kushangaza ni hili: uchunguzi wa ajali za namna hii Australia ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya marubani walikuwa wanajua waya upo. Walikuwa wameuona asubuhi. Kazi, upepo na dawa vikawasahaulisha.

Waya mbaya kuliko yote ni ule wa peke yake, mahali ambapo hakuna anayeutazamia. Tarehe 23 Januari 1954, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa katika ndege ndogo karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, wakitazama mto Nile. Ndege iligonga waya wa simu ya zamani ulioachwa porini, ikaanguka. Walipona, mama akiwa amevunjika mbavu, wakalala porini usiku ule. Waya ule haukuwa na kazi tena. Hakuna mtu aliyeuondoa.

Fikiri basi juu ya kwetu. Upande wa Kalima, ambako bwawa la Lutshurukuru lilijengwa kuipa umeme migodi ya bati, rubani atatazamia nyaya. Kabambare hatazitazamia. Na wewe unajua waya wa kwenda kwenye pampu ya maji unapita wapi. Unajua kamba ya chuma ya kivuko mtoni, nyaya zinazoshikilia mlingoti wa redio, nyaya za kambi iliyofungwa. Helikopta ikitangazwa kuja, mwambie kapita wako, mwonyeshe mahali, na yeye apeleke habari kabla ya injini kuwaka. Ukiona nyaya zilizokufa, omba mafundi wa umeme waziondoe. Usizikate mwenyewe. Wengi wamekufa kwa waya waliodhani umekufa.

Ajali ikitokea na waya ukaanguka, moyo utakusukuma kukimbilia kusaidia. Simama. Hata usipouona moto wala kusikia sauti, umeme unaweza kuwa umeingia katika udongo. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watoto, tuma mtu kwa mafundi wazime umeme kwanza. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka penye maji ya mvua ukaua watu 26, wengi wao mama waliokuja kuuza na kununua. Wengi hawakuugusa waya, maji yaliwaletea. Ukijikuta umekaribia mno, usipige hatua ndefu, maana mguu mmoja na mwingine vikiwa mbali umeme hupita mwilini. Bana miguu pamoja, telezesha nyayo kidogo kidogo bila kuziinua, mpaka utoke. Aliye ndani ya helikopta abaki ndani umeme uzimwe, isipokuwa moto umewaka. Hapo aruke miguu yote miwili pamoja, asishike chuma na ardhi kwa wakati mmoja.

Na kama helikopta ilikuwa imebeba dawa, umeme ukisha kuzimwa, mvue majeruhi nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, ukiwa umevaa glavu. Mwambie muuguzi ilikuwa dawa gani. Mpelekee karatasi ya chombo ikipatikana. Mapipa yaliyobaki pale msiyachukue kutilia maji ya nyumbani, hata yakioshwa mara kumi.