Bosongo

Wazee wetu Abagusii wa Kitutu wakienda Kisii mjini husema wanaenda Bosongo, kwa Wazungu. Wengine husema Getembe. Bendera ya Uingereza ilishushwa mwaka 1963, lakini jina Bosongo limebaki vinywani mwa watu, na kila nilisikiapo nakumbuka kwamba mji huu haukuanza kwa ridhaa yetu.

Waingereza walijenga kituo chao hapo mwaka 1907. Masimulizi yanasema nabii Sakagwa, aliyekwisha kufariki, alikuwa ameonya kwamba wageni watakuja, akaonyesha hata mahali watakapojenga. Moraa, mwanamke wa Kitutu aliyeogopwa kwa uaguzi wake, hakutaka kuwapokea. Aliwachochea vijana wapigane, na Januari 1908 mmoja wao, Otenyo, akamchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wanakijiji: askari walikuja na bunduki, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Otenyo aliuawa. Ukoo wake unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo unakidai. Nawaunga mkono. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, mwili wake wote, miongoni mwa watu wake.

Mwili ukikosekana, jina hubaki. Mtoto wa Kigusii hupewa jina la marehemu wa ukoo, na heshima ya marehemu humfuata mtoto. Msomaji wa pwani huenda akashangaa kusikia msichana akiitwa "baba", lakini katika Ekegusii, lugha yetu, "baba" ni mama, na "tata" ndiye mzazi wa kiume.

Nilimwona bibi mmoja huko Nyamira, ameketi kwenye kigoda akichambua chinsaga, yaani mgagani, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi alizomenya asubuhi. Mjukuu wake, Moraa, wa miaka sita hivi, alirudi kutoka shamba la majani chai akiburuta kikapu kirefu kumpita. Bibi alimwita "baba", kwa kuwa mtoto huyo ana jina la mama mzazi wa bibi. Alimnawisha mikono, akammegea obokima, ugali wa wimbi, kabla ya sisi wageni, kisha akangoja mtoto atie tonge la kwanza kinywani.