Masisi na Walikale: Saa 100 za jenereta huisha ndani ya siku 25

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, umeme wa taifa haufiki. Taa ya chumba cha kuzalishia, mashine ya kusagia muhogo, pampu ya kuvuta maji na kibanda cha kuchajia simu, vyote hutegemea injini ndogo inayowashwa kwa kuvuta kamba.

Injini hiyo ni ya jamaa moja na ile inayosukuma mashine za kukata majani huko Ulaya na Marekani. Kwenye vilima vya Masisi majani hukatwa na ng'ombe, kwa hiyo injini imepewa kazi nyingine, tena nzito zaidi. Hapo ndipo tatizo la oili linapoanzia.

Mashine ya kukata majani ya nyumbani hufanya kazi labda saa moja kwa wiki. Mwenye nayo akibadilisha oili mara moja kwa mwaka, injini haina neno. Jenereta inayowashwa saa nne kila jioni hutimiza saa 100 kwa siku 25 tu. Mashine ya kusaga inayofanya kazi saa sita kwa siku huzifikisha kabla ya siku 17 kuisha.

Idadi hiyo ina maana yake. Kitabu cha injini ya Honda GX160, ambayo nakala zake za kutoka China zimeenea sokoni, kinaagiza oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza au mwezi wa kwanza, kisha kila saa 100 au kila miezi sita, kutegemea kipi kinatangulia. Wengi hushika neno "miezi sita" na kusahau saa. Anayesubiri miezi sita huku jenereta ikiwaka kila jioni saa nne ameipitisha zaidi ya saa 700 kwa oili ile ile.

Kubadilisha oili si gharama kubwa ukilinganisha na kununua injini. GX160 hubeba takriban lita 0.6, kwa hiyo chupa moja ya lita moja inatosha na kubakiza. Oili ikiisha nguvu, chuma hukwaruza chuma, pistoni hukwama, na hapo kipuri ndicho hutafutwa. Kukipata ni kazi nyingine. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege wa mji huo ukafungwa. Walikale-centre nayo ilishikwa Machi 19 mwaka huo, kabla ya waasi kuondoka mapema Aprili. Barabara ikifungwa na vita au kukatwa na matope, injini iliyokufa hubaki imekufa, na akina mama hurudi kwenye kinu na mchi.

Oili ipi inunuliwe? Kwa injini ndogo za esansi zenye mapigo manne, namba ya kutafuta kwenye chupa ni SAE 10W-30. Inafaa asubuhi za baridi kwenye miinuko ya Masisi, na inafaa pia joto la msitu wa Walikale. SAE 30 inafaa mahali penye joto, lakini kwenye baridi huwa nzito na kuifanya kamba iwe ngumu kuvuta. Mashine za kusaga zinazotumia mazuti zinataka oili iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli, mara nyingi 15W-40. Oili ya msumeno wa kukatia miti ni ya kuchanganywa na esansi. Isimiminwe kamwe kwenye tumbo la jenereta.

Chupa yenye kifuniko kilichofungwa kiwandani ina nafuu kuliko oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa, ambayo mnunuzi hawezi kujua ni ya namna gani wala kama imewahi kutumika.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Injini iwashwe dakika chache ili oili ipate moto na kuwa nyepesi, kisha izimwe na kuwekwa mahali tambarare. Waya wa buji uondolewe ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Sufuria kuukuu iwekwe chini, bolti ya kutolea oili ifunguliwe, na oili iachwe itoke hadi tone la mwisho. Bolti ikisharudishwa, oili mpya ijazwe hadi ukingo wa tundu. Wakati wa kupima, kijiti kiingizwe bila kukizungusha, kikikazwa hudanganya.

Oili iliyotoka nayo hutoa habari. Ikiwa nyeusi tu, imefanya kazi yake ya kubeba uchafu. Ikifanana na maziwa, maji yameingia. Ikinuka esansi, kabureta inavuja. Punje za chuma zinazong'aa ni dalili kwamba injini imeanza kujila.

Makosa mawili huua injini haraka zaidi. La kwanza ni kuwasha mashine mpya bila kuangalia oili, ilhali nyingi hutoka kiwandani zikiwa tupu. La pili ni kukata waya wa kinga inayozima injini oili inapopungua. Injini ikigoma kuwaka, wapo wanaodhani kifaa hicho kimeharibika. Wakikata waya, jenereta huwaka, na hakuna tena kitu cha kuizuia isijiue.

Oili chafu isimwagwe mtoni wala karibu na chemchemi ambako watu huchota maji ya kunywa. Ihifadhiwe kwenye bidoni lenye kifuniko, mbali na watoto.

Kwa kuwa jenereta nyingi ndogo hazina saa ya kuhesabu, chaki na ukuta vinatosha: mstari mmoja kwa kila jioni ya saa nne. Mistari ikifika 25, oili ibadilishwe, hata kama injini bado inalia vizuri.