Tumeandikisha, Mbona Fedha Haziji?

Mwezi huu tunaeleza jambo ambalo si ugonjwa, lakini linawaumiza wagonjwa wengi pamoja na wanaowatunza. Jambo hilo ni kukawia kwa ombi la fedha za Inua Jamii, msaada ambao serikali ya Kenya huwapa wazee, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa.

Tuchukue mfano. Mama ana mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto hawezi kukaa wala kula bila kushikwa, na pia ana kifafa. Mama alipeleka jina lake kwa chifu, na sasa mwaka umepita. Kila akiuliza huambiwa, "Ngoja." Naye hujiambia kwamba fedha zikija atampeleka mtoto kliniki. Kumbe dawa ya kifafa imekwisha, na magoti ya mtoto yameanza kukakamaa. Hivyo kukawia kwa ofisi kumegeuka kuwa ugonjwa nyumbani.

Msaada huu ni wa namna gani?

Ulianza mwaka 2004 kwa ajili ya yatima na watoto walio katika hatari. Wazee walifuata katika mwaka wa fedha wa 2006/2007, na watu wenye ulemavu mkubwa katika mwaka wa 2010/2011. Mwaka 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni walianza kupokea bila kuulizwa kama ni maskini. Kiwango kimekuwa Sh. 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi fedha za miezi kadhaa hutolewa kwa pamoja.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba serikali itawasaidia wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa hiyo msaada huu si hisani ya chifu wala zawadi ya mwanasiasa. Hata hivyo hulipwa kutoka bajeti ya kila mwaka, na nafasi zake zina idadi.

Kuandikishwa bado si kulipwa

Wengi hudhani kwamba jina likishaandikwa, fedha ziko njiani. Ukweli ni kwamba ombi hupita hatua kadhaa, na laweza kukwama katika yoyote kati ya hizo.

1. Uchunguzi wa daktari. Ulemavu huthibitishwa katika hospitali ya serikali iliyokubaliwa kwa kazi hiyo. Madaktari wanaopima hawakai kila siku, na fomu isiyo na sahihi au muhuri hurudishwa.

2. Uchaguzi katika jamii. Maofisa, pamoja na wazee wa mtaa, huangalia hali ya nyumba. Kwa upande wa ulemavu, msaada ni wa mtu anayehitaji kutunzwa wakati wote, tena katika familia maskini. Maofisa wakifika na kukuta mlango umefungwa, jina laweza kurukwa.

3. Kulinganisha majina. Jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa lazima vifanane na kumbukumbu za serikali. Herufi moja ikipotea, ombi husimama. Kwa wazee kuna shida nyingine: vidole vilivyoshika jembe maisha yote husuguka, na mashine ikashindwa kusoma alama zake.

4. Kungoja nafasi. Hata mtu aliyekamilisha yote aweza kungoja, kwa sababu bajeti haijaongezwa au nafasi za eneo lake zimejaa. Hapa mwombaji hana kosa lolote.

5. Njia ya malipo. Asiyeweza kupokea mwenyewe hupokelewa na mlezi. Kama mlezi amefariki, amehama au namba yake imefungwa, fedha hazitamfikia mgonjwa mpaka mlezi mwingine aandikwe.

Tusichanganye orodha tatu

Kosa linalowapotezea watu muda mwingi ni hili: kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inathibitisha ulemavu, lakini haimwingizi mtu katika malipo ya Inua Jamii. Vivyo hivyo usajili wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ni jambo jingine kabisa. Ziko orodha tatu katika ofisi tatu, na kuwamo katika moja si kuwamo katika nyingine.

Tufanye nini?

Tusiulize tu, "Fedha zitakuja lini?" Swali hilo hujibiwa kwa "ngoja". Tumwulize ofisa wa maendeleo ya jamii: "Ombi letu liko katika hatua gani, na kitu gani kinakosekana?" Jibu tuliandike katika daftari, pamoja na tarehe na cheo cha aliyejibu. Tutunze nakala ya kila karatasi.

Ikiwa kosa ni la jina au tarehe, tulisahihishe kwanza, maana kungoja hakulisahihishi. Ikiwa ni vidole, tuombe mlezi aandikwe apokee kwa niaba ya mzee.

Tukinyimwa jibu, tuandike barua. Chini ya sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, raia akiomba habari kwa ofisi ya serikali, ofisi hiyo inapaswa kuamua juu ya ombi lake katika muda usiozidi siku 21. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka kazi ya ofisi iwe ya haki na isiyokawia, na kwamba anayeathiriwa vibaya na uamuzi aelezwe sababu kwa maandishi. Ofisi ikiendelea kunyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya namna hiyo bila malipo.

Tena tujihadhari na watu wanaoomba "kitu kidogo" ili wasukume faili. Kuandikishwa ni bure. Wala tusimpe mtu namba yetu ya siri.

Mgonjwa asingoje pamoja na karatasi

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, kwani kuikatiza kwaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo laweza kuua. Dawa ikikaribia kwisha, twende kituo cha afya cha serikali mapema. Aliyejiandikisha SHA anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo hivyo hata kabla ya kulipa mchango.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo, la sivyo misuli hujikunja na viungo hukakamaa. Tumwombe mtaalamu atufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku. Tumlishe akiwa ameketi wima, asipaliwe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia.

Mlezi naye huchoka. Jirani akimkalia mtoto siku moja, mama hupata nafasi ya kwenda ofisini au kulala tu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuulizane: ni nani anamtunza mgonjwa peke yake? Nani hawezi kusoma fomu? Anayejua kusoma amsindikize.

Elfu mbili si fedha nyingi, lakini hununua unga, sabuni na nauli ya kliniki. Tuzifuatilie kwa bidii, hatua kwa hatua. Na wakati karatasi ziko safarini, mtoto ameze dawa yake leo jioni.