Koltani ya Embu: Jihadhari Kabla ya Kushika Sururu

Mwezi wa Januari 2024 aliyekuwa Waziri wa Madini wakati huo, Bw. Salim Mvurya, alitangaza kwamba koltani imepatikana katika Kaunti ya Embu na kaunti nyingine kadhaa. Hayo ni madini meusi, mazito, yanayotoa tantalamu, na tantalamu hutumika kuundia vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta.

Ni rahisi kupiga hesabu ya fedha, hasa kwa kijana wa Mbeere, Tharaka au Meru anayetafuta kazi. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haina budi kupigwa mapema, nayo ni ya afya. Mara nyingi koltani huandamana na urani na thoriamu, vitu viwili vinavyotoa mionzi. Kadiri mchanga unavyooshwa na madini mazito kukusanywa pamoja, ndivyo mionzi inavyozidi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafirishaji huhesabu mzigo wa madini ya namna hiyo kuwa shehena ya mionzi mara unapozidi bekereli 10 kwa kila gramu.

Je, tukimbie?

La, hasha! Kila binadamu hupata mionzi kidogo kutoka ardhini, angani na hata katika chakula. Wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kulishika jiwe la koltani mara moja hakumdhuru mtu. Hatari kubwa hupitia puani na mdomoni, siku baada ya siku.

Kwanza kuna vumbi. Mchimbaji anapovunja mwamba mkavu, huvuta chembechembe ndogo ambazo hubaki mapafuni zikiendelea kutoa mionzi humo humo. Pili kuna radoni, gesi inayotokana na urani. Haina rangi wala harufu, na hujikusanya katika mashimo yasiyopitisha hewa.

Madhara yake si hadithi. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walionyesha kwamba maradhi ya kifua yaliyokuwa yakiwaua wachimbaji wa Schneeberg yalikuwa uvimbe wa mapafu. Baadaye radoni ilitambuliwa kuwa chanzo kikuu. Leo Shirika la Afya Duniani huitaja gesi hiyo miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, ikitanguliwa na sigara. Mchimbaji anayevuta sigara hujiongezea hatari maradufu na zaidi.

Kinga yenyewe

Jambo la kutia moyo ni kwamba kinga nyingi hazihitaji mitambo ya ajabu. Mwamba hulowanishwa maji kabla ya kuvunjwa ili vumbi litulie. Shimo refu huwekewa njia mbili za hewa au feni. Mchimbaji huvaa barakoa ya kuzuia vumbi, wala si kitambaa kilichofungwa usoni. Hali chakula wala havuti sigara mgodini, na hunawa mikono kabla ya kula. Magunia ya madini yaliyokwisha kuoshwa huwekwa mbali na mahali pa kulala, kwa sababu umbali na muda mfupi hupunguza mionzi.

Kwa wafanyakazi wa kazi za mionzi, kipimo cha kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1 tu, mbali na mionzi ya asili na ile ya hospitali. Lakini bila kupima, nani atajua kama mpaka umevukwa?

Mama na watoto nao

Wewe usiyeshika sururu pia unahusika. Baba akirudi na nguo za mgodini, vumbi huingia nyumbani pamoja naye. Afadhali azivue na kuoga huko huko kazini. Kifusi kisichotoa tena madini ya kuuza huvutia wajenzi, lakini nyumba iliyojengwa kwa kifusi chenye urani huweza kukusanya radoni ndani ya vyumba. Watoto nao wasikigeuze uwanja wa michezo. Na maji ya kuoshea madini yasiachiwe kuingia mitoni, kwa kuwa mito ya Embu humiminika katika Mto Tana, ambao maji yake hutumiwa na watu wengi hadi pwani.

Kumbuka pia kwamba mgodi hufungwa, wawekezaji wakaondoka, lakini urani hupungua nusu tu baada ya miaka bilioni 4.5. Kifusi kitarithiwa na wajukuu.

Uliza mapema

Sheria ipo. Tangu mwaka 1982 Kenya ilikuwa na Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi, na mwaka 2019 ikapitishwa sheria mpya iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA. Basi mkutano wa chifu ukiitishwa kuhusu mgodi, usiulize fidia peke yake. Uliza: mionzi ya ardhi, maji na hewa imepimwa kabla ya kuchimba? Nani atawapima wafanyakazi? Kifusi kitazikwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaweza kuzibwa sasa, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.