Mikufu ya Waya: Kazi ya Mwaka wa Karafuu Chache

Wanachama wajua kuwa mikarafuu ikizaa sana mwaka huu, mwakani huenda ikatoa haba. Kwa msimu kama huo twapenda kuwatajia kazi ya mkono isiyotaka mtaji mkubwa: mikufu ya shaba nyekundu.

Zana ni koleo lenye ncha za mviringo, koleo la kukatia, tupa laini na msumari mnene. Waya uwe wa milimita 1. Ukiwa ni wa umeme, menya ganda lake kwa kisu. Usilichome, moshi wake ni sumu.

Zungushia msumari waya, mizunguko ikigusana. Vua, kisha ukate mizunguko kwa mstari mmoja, nayo huwa pete. Piga tupa ncha zote zisikwaruze shingo. Kuunga pete, pinda ncha moja mbele na nyingine nyuma. Usiitanue, itapoteza duara.

Shaba ikipindwapindwa hukakamaa, mwisho hukatika. Ikianza ugumu, ipashe moto hadi iwive wekundu hafifu, uizamishe majini, hulainika. Weusi wake huondoka kwa ndimu. Tusiilazimishe: mkufu ukimkatikia mnunuzi shingoni, harudi tena.