Jua la Busia halipashi misuli moto

Jumamosi jioni vijana wengi wa Busia na Malaba huenda uwanjani kucheza kandanda moja kwa moja kutoka kazini. Huyu ameshinda juu ya pikipiki ya boda boda, yule ameshinda akipakua magunia. Wanavaa viatu, kipenga kinalia, mbio zinaanza. Muda si muda mmoja yuko chini, ameshika nyuma ya paja.

Ukiwauliza kwa nini hawakupasha misuli moto, wengi hujibu kwamba jua la huku latosha. Sivyo. Jua hupasha ngozi. Msuli hupata joto la kufaa unapofanya kazi, kwani hapo ndipo damu huongezeka ndani yake nao ukaweza kukaza na kulegea upesi. Aliyeketi kutwa kwenye pikipiki misuli yake imekakamaa. Aliyebeba mizigo yake imechoka, na msuli uliochoka huchanika kwa urahisi.

Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lina mazoezi ya dakika 20 yasiyohitaji kifaa ila mpira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wasichana zaidi ya 1,800 nchini Norway, ulionyesha kuwa mazoezi hayo yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja.

Fanya hivi:

• Dakika 8: kimbia polepole, ukizungusha nyonga na kubadili mwelekeo.

• Dakika 10: chuchumaa, simama kwa mguu mmoja, ruka na kutua. Unapotua, goti lielekee mbele, lisiingie ndani.

• Dakika 2: kimbia kwa kasi na kugeuka ghafla.

Mchezaji wa akiba naye apashe misuli kabla ya kuingia.

Ukiumia, acha kucheza. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15, kisha inua mguu. Usikande kwa maji moto siku mbili za kwanza. Goti likilia "ta!" na kuvimba, au ukishindwa kukanyaga, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Mchezaji wa kulipwa akiumia, klabu humtunza. Kijana wa mpakani akivunjika mguu, jikoni kwake moto huzimika. Kocha asiyetenga dakika hizo 20 anacheza na riziki ya watu.